Namba Tisa Ina Watu

Alhamisi, tarehe 17 Mei 2018. Ukungu ulipanda kutoka mtoni tangu alfajiri ukakaa juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Bonfim, na manyunyu yalikuwa yamelowesha mawe ya uchochoro wetu mpaka yanateleza. Saa tatu kasoro dakika chache mama yangu, Deolinda, aliingia akitoka kusafisha ofisi za watu mjini. Hakuvua koti. Alinipa bahasha iliyokwisha kufunguliwa.

"Nisomee, Delfim. Zulmira amenisomea nusu akaanza kutukana, sikuelewa tena."

Mimi ni fundi wa lipu, na asubuhi ile nilikuwa bado nyumbani kwa sababu saruji ilichelewa kufika kazini. Nilisoma nikiwa nimesimama. Warithi wa mwenye eneo walikuwa wameiomba kata itangaze kwamba kisiwa chetu kimehamwa, ili nyumba zivunjwe na pajengwe vyumba vya wageni. Kikao cha wazi kingekuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Kama ushahidi, waliambatanisha ramani iliyochorwa na wanafunzi wa usanifu majengo.

Kisiwa ndilo jina la makazi kama yetu hapa Porto, ingawa hakuna maji. Ni nyumba kumi na nne, kila moja mlango mmoja na dirisha moja, zimejipanga kwenye uchochoro nyuma ya jumba la vigae lililoko barabarani. Ukipita mbele huzioni.

Kwenye ramani nyumba sita zilikuwa nyeupe na nane zilipakwa kijivu. Chini paliandikwa: kijivu, tupu. Namba tisa ilikuwa ya kijivu.

"Namba tisa ni sisi," mama akasema, kana kwamba mimi sijui.

"Ndiyo, mama."

"Miaka arobaini na mmoja nalala humu. Wewe nimekuzaa humu. Nani ameandika kwamba sipo?"

Majina ya wachoraji yalikuwa kwenye kona, kwa herufi ndogo. La tatu lilikuwa Maren Halvorsen. Niliikunja karatasi, nikamwambia mama kwamba ni wanafunzi tu, akalale. Msichana niliyekuwa nikimwomba Mungu kila asubuhi awe mke wangu ndiye aliyemfuta mama yangu kwenye ramani.

Maren nilimfahamu mwezi wa Februari. Alitoka Duluth, kule Marekani kwenye baridi ya kweli, akaja kusoma muhula mmoja hapa kwetu. Sisi tulikuwa tunarudishia lipu katika nyumba ya kale ya Miragaia, na darasa lao lilikuja kupima kuta. Alikosa mtu wa kumshikia ncha ya futi, nikamshikia. Aliposoma kipimo nilimwambia amekosea, kwa kuwa kuta za zamani hunenepa kadiri zinavyoshuka, apime mara tatu: juu, kati na chini. Alipima, akacheka, akaniuliza nimesomea wapi. Nilimjibu ukweli. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, sasa nina thelathini na miwili, na nasoma masomo ya jioni ili nimalize sekondari. Hilo sikuona haya kulisema. Moyo wa mtu ni wa ajabu. Hukubali aibu moja hadharani ili uifiche nyingine.

Tangu hapo kila Jumamosi tulitembea. Massarelos, Fontainhas, Campanhã, mpaka kule chini mto unapokutana na bahari. Yeye alikaa kwenye ngazi za watu saa nzima akichora mlango mmoja, nami nikimweleza jiwe lile limetoka machimbo gani, na ukuta ule umepigwa lipu na mtu mvivu. Alikuwa anaandika maneno yangu pembeni ya michoro yake. Sijawahi kujivuna namna ile. Nilijivunia mji wangu kama mtu anayeonyesha picha za watoto wake.

Siku ya kwanza aliponisindikiza mpaka Bonfim tulisimama mbele ya jumba la vigae, kwa sababu njia ya kuingilia kisiwani inapita kwenye mlango mdogo wa jumba hilo.

"Unakaa hapa?" aliuliza, akitazama kibaraza cha chuma cha ghorofa ya pili.

"Hapa," nikasema, nikamwacha aamini macho yake.

Mwezi wa Aprili aliniambia darasa lao limepewa mtaa wa Bonfim, waandike nyumba zipi zina watu na zipi ni tupu. Tulikuwa tunakula mkate wa mahindi kwenye kituo cha treni. Akaniuliza bila kuweka uzito wowote:

"Nyuma ya jengo lenu kuna uchochoro. Kuna watu mle?"

"Sijui sana. Wachache, nadhani."

Sijui sana. Nimewahi kuungama makubwa kuliko hayo mbele ya padri, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunichoma kama hayo mawili.

Basi Alhamisi ile nilimtumia ujumbe: "Nataka kukuona sasa. Ni kuhusu ramani yenu."

Jibu likaja haraka: "Umeiona? Nilitaka nikuonyeshe mimi mwenyewe. Niko bustani ya São Lázaro. Nakuwekea nafasi kwenye benchi."

Nilimkuta amevaa koti lake la mvua la njano, daftari limefunikwa na mfuko wa plastiki. Alinyanyua uso ili nimbusu. Sikumbusu. Nilimwekea barua ya wakili wa warithi mapajani, akaisoma polepole, maana Kireno cha mawakili hata sisi hutushinda.

"Sikujua wataitumia hivi," alisema. "Profesa alisema ni ya maonyesho tu."

"Mlikuja saa ngapi kule nyuma?"

"Asubuhi. Siku tatu, kati ya saa tatu na saa tano. Ndio utaratibu. Dirisha likiwa limefungwa siku zote tatu, hakuna nguo kwenye kamba, hakuna sauti, tunaihesabu tupu."

"Mlibisha hodi?"

"Tuliambiwa tusiwasumbue wakazi."

"Saa hizo wanawake wa mle wamelala, Maren. Wanaamka saa tisa usiku kwenda kusafisha ofisi za mjini. Wanarudi saa tatu, wanafunga mbao za madirisha, wanalala mpaka saa saba. Na nguo hakuna anayeanika asubuhi, kwa sababu jua haliingii kwenye uchochoro ule kabla ya saa saba. Hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu nani? Wewe umelijuaje?"

Nilitazama miti. "Kwa sababu nakaa mle. Namba tisa, na mama yangu."

Alifunga daftari.

"Nilikuuliza," akasema.

"Najua."

"Nilikuuliza wewe, Delfim. Wenzangu walitaka tumtafute mtu wa mtaa atuthibitishie. Nikawaambia nimeshamuuliza mtu ninayemwamini kuliko wote hapa Porto."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema nisamehe. Badala yake kiburi kilinipanda, nikamuuliza wanafundishwa nini huko chuoni ikiwa mtu anaweza kupima mlango wa mwenzake bila kuugonga. Naye hakuniachia.

"Na mimi nikuulize, mwana wa namba tisa. Umenitembeza mji mzima. Ulipofika kwako ukanigeuza. Ulikuwa unamwonea aibu nani, mimi au mama yako?"

Niliondoka bila kujibu, kwa sababu jibu nililijua.

Jioni hiyo mwalimu wa darasa letu aliniita ubaoni, nikashindwa hata kusoma swali. Nilirudi nyumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda huku nikimsikia mama nyuma ya pazia akijiandaa kulala mapema kama kawaida yake. Nilimwomba Mungu aokoe nyumba yetu. Kisha nikatambua kwamba namwomba afanye yote bila mimi kumwambia mama neno lolote, nikaona haya kuendelea kusali. Nikainuka nikalala.

Ijumaa, kama saa nne asubuhi, simu iliita. Alikuwa Zulmira, jirani yetu wa namba nne, rafiki wa mama tangu ujana wao.

"Uko wapi, mheshimiwa mwanafunzi?"

"Niko juu ya jukwaa, Mama Zulmira. Nina lipu mkononi."

"Basi shika kitu usianguke. Kuna Mmarekani wa koti la njano anagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mimi ameniamsha, nikamtukana matusi yote niliyojaliwa. Akaniambia asante, akaandika jina langu."

Nilishika jukwaa kweli. "Yuko wapi sasa?"

"Mama yako amemkalisha kwenye kigoda, karibu na karo la kufulia. Amemwambia asiseme kitu, asikilize."

"Asikilize nini?"

"Hebu sikia mwenyewe."

Akainua simu. Nilisikia maji yakidondoka karoni, nikasikia ndege wa namba mbili kwenye tundu lake, halafu nyuma ya hapo nikasikia watu wanakoroma. Mmoja mzito kama gari linalopanda mlima, mwingine kama filimbi. Zulmira alirudi kwenye simu akaniambia Mmarekani analia na kucheka kwa pamoja, na kwamba mama ameingia ndani kumpashia supu. Kisha akakata.

Mchana nilipata jumbe mbili kutoka kwa Maren. Wa kwanza: "Nyumba nilizozipaka kijivu zinakoroma. Namba sita ana sauti ya besi. Nimezihesabu zote kumi na nne, hakuna hata moja tupu." Wa pili ulikuja baadaye: "Sikumwambia mama yako kwamba nilikuuliza. Hilo si langu kulisema."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anakatakata majani ya kabichi kwa supu ya jioni, membamba kama nywele, kama anavyofanya siku zote akiwa na jambo kichwani. Alinisimulia kwamba mchoraji mwenyewe amekuja kuomba radhi mlango kwa mlango, na kwamba tangu aolewe hajaona mtu aliyesoma akifanya hivyo. Halafu, bila kuinua macho:

"Alipoona picha yako ya komunyo ukutani, supu ilimpalia."

"Eti?"

"Ilimpalia. Nikampiga mgongoni. Una la kuniambia, mwanangu?"

Nilikuwa nalo. Nikamwambia kwamba ninamfahamu kidogo, tumekutana kazini. Mama aliendelea kukata kabichi.

Jumamosi ukumbi wa kata ulijaa. Wanawake wa kisiwa walikuja pamoja. Wengine hawakuwa wamelala tangu saa tisa ya usiku, lakini nywele zimechanwa na viatu vimepigwa rangi. Mama alivaa koti lake la bluu la kanisani. Mbele aliketi mwenyekiti wa kata, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na kulia kwake wakili wa warithi, Bwana Brandão. Ramani ilitundikwa ukutani, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Profesa Valadares wa kina Maren alialikwa aieleze, akasifu utaratibu, akasema wanafunzi wamefanya kazi ya kujivunia. Kisha wakili alisema kwa ufupi kwamba nyumba nane kati ya kumi na nne hazina mtu, na eneo lililokufa haliwezi kuzuia mji kukua.

Maren aliinua mkono. Niliona profesa akimgeukia na kumnong'oneza. Baadaye ndipo nilipojua alichomwambia: kazi ile imeshasahihishwa, alama ni nzuri, na akiikana hadharani itabidi isahihishwe upya. Yeye akasimama. Alisema jina lake na kwamba namba zote za nyumba kwenye ramani ameziandika yeye kwa mkono wake.

"Ramani hii ina kosa," alisema. Kireno chake kilitetemeka lakini hakikuanguka. "Tulikuja wakati watu wamelala baada ya kazi. Tuliona madirisha yamefungwa, tukaandika hakuna mtu. Jana nimegonga milango yote. Nyumba kumi na nne zina watu thelathini na mmoja. Naomba ramani iondolewe kwenye maombi haya, nami nitaichora upya."

Zulmira alianza kupiga makofi, mama akamshika mkono. Wakili hakukasirika. Alitabasamu kama mtu mwenye muda.

"Binti, nakupongeza kwa moyo wako. Lakini mlikuja siku tatu. Hamkumuuliza hata mtu mmoja wa mtaa?"

Maren alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nauliza, kwa sababu ni ajabu. Thelathini na mmoja, na hakuna aliyewaambia kwamba yupo?"

"Kosa la ramani ni langu," Maren akasema.

"Sikuuliza kosa ni la nani. Nimeuliza kama mlimuuliza mtu."

Alitazama sakafu. Hakugeuza shingo kunitafuta. Nilikuwa mita tano nyuma yake, na kama angegeuka tu watu wote wangejua. Alikuwa tayari kuonekana mjinga mbele ya profesa wake na mji mzima ili mimi nibaki na uongo wangu. Nilisema moyoni, Bwana, nipe mdomo, miguu nitajitafutia. Nikasimama.

"Aliniuliza mimi."

Vichwa viligeuka. Mwenyekiti aliniomba kwa upole niseme jina langu na ninapokaa, karani aandike.

"Delfim Sequeira. Nakaa kisiwani, nyumba namba tisa. Nimezaliwa humo. Binti huyu aliniuliza kama kule nyuma kuna watu, nikamwambia sijui. Nilimfanya aamini kwamba nakaa jumba la mbele, kwa sababu niliogopa akijua ninakokaa hatanipenda. Kwa hiyo kama mnatafuta aliyesema hakuna watu, ni mimi. Na nilisema uongo. Watu wapo. Mama yangu yupo. Ameketi pale kiti cha pili, mwenye koti la bluu."

Sikuthubutu kumtazama. Mama alisimama taratibu, akavuta koti lake chini likae sawa.

"Bwana karani," alisema, "mtoto nitamshughulikia nyumbani. Kwanza andika kwamba nipo."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Kicheko kile kilifungua mlango. Maren alitoa kalamu zake za rangi kwenye mkoba, akachagua nyekundu, akaomba ruhusa wakazi wazitie rangi nyumba zao wenyewe kwenye ramani. Wakili alipinga, mwenyekiti akasema haoni ubaya. Mama alienda wa kwanza. Mkono unaoshika dekio tangu ujana ulishika ile kalamu kama sindano, akaijaza namba tisa pole pole mpaka kona ya mwisho. Akafuata mtu wa namba sita, mwenye ile besi. Zulmira, ambaye nyumba yake ilikuwa nyeupe tangu mwanzo, aliipaka nyekundu hata hivyo, akavuka mistari mpaka barabarani, akasema amejiongezea kibaraza. Walipomaliza, hapakuwa na kijivu. Mwenyekiti aliahirisha uamuzi na kuagiza maofisa wa kata waende wenyewe, tena mchana, tena wagonge.

Nje, kwenye ngazi, Maren alikuwa anafunga mkoba. Nilisimama ngazi mbili chini yake.

"Ungeweza kunitaja," nikasema.

"Ningeweza."

"Nisamehe, Maren. Uliniuliza nilikuwa namwonea aibu nani. Mama yangu. Ndivyo ilivyokuwa, na sitasahau kwamba ndivyo ilivyokuwa."

Alitazama pembeni. "Sijakusamehe bado. Umenitembeza mitaa yote ya Porto. Umebakiza mmoja, una urefu wa hatua hamsini."

"Nikutembeze sasa?"

"Sasa. Na mlango kwa mlango, kama ulivyonifanyia Miragaia."

Nilimtembeza. Nilimwonyesha ukuta wa namba moja ambao baba, Mungu amrehemu, aliupiga lipu kabla sijazaliwa na mpaka leo haujapasuka. Nilimweleza kwa nini milango yote ni mifupi na kwa nini karo liko pale lilipo. Nilijisikia nikieleza kwa sauti ile ile ya kujivuna niliyoitumia kwenye majumba ya watu. Mama alitutazama kutoka mlangoni.

Hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, nikinywa kahawa, alivuta kiti.

"Ulidhani nyumba hii inakupunguza?"

"Nilidhani, mama."

"Niliingia humu bibi harusi. Nimesafisha ofisi za wakubwa, nimeona meza zao na vyoo vyao. Sijawahi kutoka kule nikiona haya kurudi hapa. Hata siku moja." Aligonga meza kwa kidole. "Nimekusamehe. Ila ungama kwa padri pia, mimi si Mungu."

Nikaungama. Maren naye alinisamehe kabla mwezi haujaisha, na matembezi yetu ya Jumamosi yakarudi.

Barua ya kata ilikuja tarehe 7 Juni. Maombi ya warithi yamekataliwa, kisiwa kina wakazi, ramani mpya ya Maren Halvorsen imewekwa kwenye kumbukumbu. Alama zake nazo zilitoka. Profesa aliisahihisha kazi upya na kumpa kumi kati ya ishirini, alama ya chini kabisa ya kufaulu. Zulmira alitaka kwenda chuoni kumsemesha huyo profesa. Maren alimzuia, akasema kumi hiyo ataiweka kwenye fremu.

Jumapili, tarehe 17 Juni, baada ya misa, majirani wote walikuwa uchochoroni. Jua lilikuwa limeshaingia, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyetu, na namba sita alikuwa anachoma dagaa wakubwa kwenye jiko la mkaa. Siku kumi baadaye Maren angeondoka kwenda kumaliza mwaka wake wa mwisho Duluth. Kwetu kuna desturi: jambo la posa au la ndoa huwa halijasemwa mpaka lisemwe karoni, kila mlango ukiwa na mtu wake. Mama aliniita, akamwita na Maren, akatusimamisha kwenye jiwe la kufulia.

"Hawa wawili wana neno," aliwatangazia. "Au kama hawana, waseme hawana, tule samaki."

Niliinua macho. Nane kati ya milango ile iliwahi kuhesabiwa mitupu, na sasa yote ilinitazama.

"Naitwa Delfim wa Deolinda, wa namba tisa," nilisema. "Nampenda Maren, nataka awe mke wangu. Desemba nikimaliza mitihani nitakwenda Duluth kwa baba yake. Akiniuliza ninakaa wapi, nitamwambia kisiwani Porto, nyumba ya mlango mmoja na dirisha moja, na nitaisema kabla hajanipa kiti."

"Umesikika," Zulmira akasema. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Marekani ni mbali, binti yangu. Wageni wengi wamenywa supu zetu wakasema watarudi. Wewe unasemaje?"

Maren alishika ukingo wa karo kwa mkono mmoja, na mkono wa mama yangu kwa mwingine. Alizungumza kwa Kireno, taratibu, akitafuta kila neno na kulipata.

"Mbele ya Mungu, mbele ya Mama Deolinda, na mbele yenu watu wa nyumba kumi na nne: mwakani mwezi wa Juni nitarudi. Nitafunga ndoa na Delfim katika kanisa la hapo juu, na nitakuwa mtu wenu wa thelathini na mbili. Naahidi."